Msumeno Bila Vipuri ni Mzigo

Shoka lisilo mpini halichanji kuni. Ndivyo walivyonena wahenga, na neno lao linaihusu barabara mashine moja ambayo siku hizi imeenea toka mashamba ya misonobari ya Uganda hadi misitu minene ya mashariki ya Kongo. Mashine hiyo ni msumeno wa mnyororo, ambao wananchi wengi huuita pawasoo. Kwa dakika chache hukata gogo ambalo wanaume wawili wenye mashoka wangelitolea jasho tangu asubuhi. Lakini siku kiungo chake kimoja kidogo kinapokatika, na kingine cha kufanana nacho kikakosekana, thamani yake hushuka ikawa chini ya ile ya shoka, kwa kuwa mpini wa shoka hupatikana porini.

Swali linaloulizwa mara kwa mara na wapasua mbao, wenye mashamba ya miti na hata maafisa wa ununuzi wa serikali ni hili: ni msumeno wa kampuni gani ulio bora? Makala haya yanadai kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Swali la haki ni hili: ni msumeno gani ambao vipuri vyake vitapatikana karibu nasi leo, mwakani na baada ya miaka kumi? Na kwa sababu ya mabadiliko yanayotokea sasa katika viwanda vya Ulaya, Japani na Marekani, jibu lake haliwezi kungojea.

Siku moja kwenye miteremko ya Elgon

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa afisa kijana ambaye hakijapita kipindi kirefu tangu atoke chuo cha kadeti, nilitumwa kufuatana na kikundi cha askari wahandisi kwenye miteremko ya Mlima Elgon wakati wa mvua kubwa. Kazi yangu haikuwa kukata miti, bali kuandika habari na kupiga picha. Wakazi wa huko hawahitaji kuelezwa maana ya barabara kuzibwa. Mwezi Machi 2010 ardhi iliporomoka na kuwafukia watu huko Bududa, na mwezi Novemba 2024 maafa ya namna hiyo hiyo yakawapata wenzao wa Bulambuli. Siku ninayoisimulia haikuwa ya maafa makubwa kama hayo. Ilikuwa siku ya kawaida ya mvua, na mikaratusi saba ilikuwa imelala juu ya njia. Upande wa pili wa miti hiyo lilisimama lori la unga na dawa za zahanati.

Tulikuwa na misumeno miwili, ya kampuni mbili tofauti, iliyopatikana kwa njia mbili tofauti. Katika mti wa pili mnyororo wa msumeno wa kwanza ukakatika. Msumeno wa pili ulikuwa umegoma kuwaka tangu asubuhi kwa sababu ya kiwambo cha kabureta kilichochakaa. Sajini akasema hapana neno, tutauvua mnyororo wa ule wa pili tuuvishe ule wa kwanza. Haukuingia. Meno yake ya ndani yalikuwa manene kuliko mfereji wa upanga. Likafunguliwa sanduku la akiba, na ndani yake mlikuwa na minyororo sita mipya, imepakwa grisi na kufungwa vizuri, yote ya kipimo cha msumeno wa tatu ambao ulikuwa umekwisha kuondolewa katika hesabu za bohari.

Sajini aliitazama minyororo ile kitambo, kisha akaniambia, "Afande, hili si kosa la msumeno. Hili ni kosa la karani aliyeandika agizo." Tukaazima mashoka kwa wanakijiji. Mzee mmoja mwenye nyumba kando ya njia alituletea lake mwenyewe, akashika zamu pamoja na askari. Barabara ilifunguka jua likikaribia kuzama, na dawa ambazo zingefika saa nne za asubuhi zikafika usiku.

Chuoni tulifundishwa jambo hili kwa habari ya bunduki. Jeshi lenye bunduki za aina tano na risasi za vipimo vitano halina silaha tano, lina matatizo matano. Sikupata kufikiri kwamba kanuni ile ingenihusu kwa msumeno, lakini ndivyo ilivyo. Inawahusu vivyo hivyo chama cha ushirika cha wapasua mbao, halmashauri ya wilaya na mkulima mwenye ekari mbili za miti.

Funzo la Vancouver

Historia ya mashine hii yenyewe inathibitisha jambo hilo. Misumeno ya mnyororo ya kisasa ilistawi kwanza Ujerumani. Andreas Stihl alianza kazi yake Stuttgart mwaka 1926, akatengeneza kwanza msumeno wa umeme. Mwaka 1927 Emil Lerp aliujaribu msumeno wake wa petroli juu ya mlima uitwao Dolmar, na jina la mlima huo likawa jina la bidhaa zake. Mashine hizo za Wajerumani zilivuka bahari hadi kwa wakata miti wa Kanada.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, meli za bidhaa za Ujerumani hazikufika tena. Wakata miti wa pwani ya magharibi ya Kanada wakajikuta na mashine zisizo na vipuri, na huku vita yenyewe ikihitaji mbao nyingi kuliko wakati wa amani. Ndipo karakana za Vancouver zilipoanza kutengeneza misumeno yao wenyewe, na kampuni ya Industrial Engineering ikawa miongoni mwa zile za mbele. Uhaba uliwafundisha yale ambayo biashara ya raha haikuwafundisha.

Nasi katika eneo hili tumekwisha kuonja uhaba wa namna hiyo. Baada ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia kufukuzwa Uganda mwaka 1972, uzalishaji wa viwanda kadhaa, vya sukari vikiwamo, ulidorora, na ukosefu wa vipuri ulikuwa moja ya sababu. Mwezi Januari 2008 ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifanya petroli iwe adimu Uganda na Rwanda. Toka bandari ya Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na kila boliti tunayoagiza ng'ambo hupita katika njia hiyo au nyingine iliyo ndefu zaidi. Nchi isiyopakana na bahari ikinunua mashine bila kununua akiba ya viungo vyake, imenunua nusu ya mashine.

Majina makubwa na tabia zake

Tuyatazame sasa majina yenyewe bila ushabiki. Yale mawili yanayotajwa zaidi ni Stihl ya Ujerumani na Husqvarna ya Uswidi. Husqvarna ina asili inayomvutia mwanajeshi, kwani ilianza mwaka 1689 kama kiwanda cha silaha, na msumeno wake wa kwanza ulitoka mwaka 1959. Kampuni hizi mbili hazipitani sana kwa ubora. Zote zina mashine imara, zote zina breki ya kuusimamisha mnyororo msumeno unaporuka ghafla kumwelekea mtumiaji, na zote zina mawakala Afrika ya Mashariki. Mwenye kugombana na jirani yake kuhusu ipi ni bora anapoteza muda ambao angeutumia kunoa meno.

Tofauti inayomgusa mnunuzi imo katika vipimo. Katika mashine za ukubwa wa kati zenye mnyororo wa hatua ya inchi 3/8, Stihl hutumia mara nyingi mfereji wa milimita 1.6, na Husqvarna wa milimita 1.5. Tofauti hiyo ni moja ya kumi ya milimita, na ndiyo iliyotukwamisha Elgon. Matundu ya upanga na nafasi ya skrubu za kuufungia pia hutofautiana, hata upanga wa moja haukai katika nyingine bila kuchongwa.

Tabia ya wapasua mbao wenyewe inatufundisha zaidi kuliko matangazo. Katika misitu ya Afrika ya Kati wengi wao bado wanaupenda msumeno wa zamani wa Stihl uitwao 070, uliobuniwa katika miaka ya 1960, wenye injini ya sentimita za ujazo zipatazo 105. Ni mzito, una kelele, na haukubuniwa na kinga za kisasa dhidi ya mtikisiko unaoumiza mishipa ya mikono. Kwa nini basi wanaung'ang'ania? Injini yake ina nguvu ya kupasua gogo kwa urefu, muundo wake ni mwepesi kueleweka na fundi wa kijijini, na vipuri vyake, halisi na vya nakala, vimeenea. Mtu ambaye mlo wa watoto wake unategemea mashine amekwisha kulijibu swali letu kwa vitendo, ingawa kwa gharama ya mikono na masikio yake.

Kundi la tatu ni misumeno ya bei nafuu kutoka China, hasa ile iliyoandikwa 5200 au 5800. Huuzwa kwa majina mengi, lakini ukiifungua utakuta muundo ni mmoja, na vipuri vingi vya jina hili huingia katika jina lile. Hiyo ni faida kubwa ambayo wachache huitambua. Udhaifu wake ni kwamba ubora hubadilika toka kiwanda hadi kiwanda, na muuzaji wa leo huenda kesho asiwepo. Kwa mwenye kupogoa miti na kukata kuni za nyumbani mashine hizi zinaweza kutosha. Kwa mwenye kupasua mbao kila siku, urahisi wa bei humalizwa na safari za gereji.

Jinsi ya kutafuta kipuri

Wengi hudanganywa dukani kwa sababu huenda na maelezo ya mdomo. "Nataka mnyororo wa msumeno mkubwa" si maelezo. Mnyororo hutambulika kwa mambo matatu. La kwanza ni hatua yake, ambayo hupatikana kwa kupima toka pini ya kwanza hadi ya tatu na kugawa kwa 2. Hatua za kawaida ni inchi 0.325, inchi 3/8 na inchi 0.404. La pili ni unene wa meno ya ndani yanayoingia katika mfereji, yaani milimita 1.3, 1.5 au 1.6. La tatu ni idadi ya meno hayo ya ndani, ambayo huhesabiwa moja moja. Watengenezaji wengine hupiga mhuri juu ya meno hayo. Kwa mfano, mnyororo wa Oregon wa inchi 3/8 wenye namba 73 ni wa mfereji wa milimita 1.5, na wenye namba 75 ni wa milimita 1.6.

Vipuri vingine vina namba zake. Namba ya kipuri cha Stihl ina tarakimu 11, na nne za kwanza kwa kawaida hutaja familia ya mashine: 1106 ni ya 070, 1119 ni ya 038 na nduguze MS 380 na MS 381, na 1122 ni ya 066 na MS 660. Ya Husqvarna ina tarakimu 9. Mwenye namba hiyo anaweza kumwagiza dereva wa basi toka Mbale au Kasese amletee kipuri toka Kampala, naye akamletea kitu kile kile. Asiye na namba huagiza kwa kubahatisha, akalipa nauli mara mbili.

Habari ya vipuri vya nakala nayo yataka busara. Si kila kisicho halisi ni kibovu, na si kila kilichoandikwa jina kubwa ni halisi. Chujio la hewa au kamba ya kuwashia ya nakala ikiharibika, hasara ni ya saa moja. Lakini mnyororo wa chuma kibovu ukikatika, kipande chake huruka kwa kasi kubwa, na breki ya bandia isiposhika, msumeno unaweza kumfikia mtu shingoni. Hapo ndipo mwenye pesa chache anapopaswa kuacha kubana. Abane katika kamba, asibane katika mnyororo.

Upepo wa kaskazini

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe la wakati huu. Watengenezaji wa nchi zilizoendelea wanaipa kisogo petroli. Makita ya Japani, ambayo ilikuwa imeinunua Dolmar mwaka 1991, ilikoma kutengeneza mashine za petroli mwezi Machi 2022. Ukoo wa misumeno uliozaliwa juu ya mlima ule wa Ujerumani mwaka 1927 ukafikia mwisho wake hapo. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia uuzaji wa injini ndogo mpya zinazotoa moshi kuanzia mwaka 2024, ingawa misumeno ya sentimita za ujazo 45 na kuendelea haikuguswa. Stihl nayo imetangaza nia ya kuzifanya mashine za betri kuwa sehemu kubwa ya mauzo yake katika miaka ijayo.

Hatuwalaumu. Hewa safi ni haki ya kila mtu, na msumeno wa betri ni mwepesi, hauna kelele nyingi, tena hauhitaji kabureta. Lakini mpasua mbao aliye siku mbili za miguu toka kwenye nyaya za umeme hawezi kuchaji betri kwa gogo la mninga. Aidha, betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika mashine ya kampuni nyingine, wala fundi wa gereji hawezi kuichonga kwa tupa. Tusipoangalia, tutatoka katika utumwa wa mnyororo usioingia na kuangukia utumwa wa betri isiyoingia.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya upande wa pili. Mashine za petroli zinazoachwa huko zitatafuta soko huku, kwa bei ya kuvutia au kama msaada. Msaada ni jambo jema, na anayekupa hakutukani. Lakini majina yaliyowahi kutamba yametoweka au kubadili wenyewe mara nyingi. McCulloch ya Marekani ilifilisika mwaka 1999, na Homelite ilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Kila jina linapokufa, maelfu ya mashine huachwa yatima. Kabla ya kupokea shehena, afisa wa bohari aulize: vipuri vya mashine hii vinatengenezwa bado? Na nani aliye karibu nasi anayeviuza?

Tufanye nini?

Kwanza, kila taasisi, iwe jeshi, idara ya misitu, halmashauri au chama cha ushirika, ichague aina zisizozidi mbili za misumeno na kipimo kimoja cha mnyororo kwa mashine zake za kazi nzito. Jambo hili linawezekana hata kwa kampuni mbili tofauti, kwani viwanda vya panga za misumeno hutengeneza panga za mfereji mmoja kwa ajili ya mashine za majina mbalimbali.

Pili, mnyororo ununuliwe kwa robota. Huuzwa hivyo, futi 100 kwa mzingo mmoja. Kwa vifaa viwili vya mkono, kimoja cha kutoa pini na kingine cha kuzipiga, fundi hukata urefu anaoutaka na kuuunga. Robota moja na vifaa hivyo vingetosha kuifungua barabara yetu ya Elgon kabla ya saa sita za mchana.

Tatu, zabuni ya mashine isipimwe kwa bei ya siku ya kwanza peke yake. Pamoja na kila msumeno iagizwe minyororo, upanga wa akiba, gurudumu la meno linaloendesha mnyororo, plagi, machujio, kamba na kifurushi cha viwambo vya kabureta. Gurudumu hilo libadilishwe kila minyororo miwili inapokwisha, kwa maana gurudumu kuukuu hula mnyororo mpya.

Nne, mafundi wetu wapewe nafasi yao. Mikono ya Katwe inayochonga mashine za kila namna haiwezi leo kutengeneza mnyororo wa chuma cha hali ya juu, na tusijidanganye. Lakini inaweza kunyoosha panga, kukata gasketi, kuchonga bushi na kufufua mashine ambazo ofisi imeziandika kuwa zimekufa. Kila kinachotengenezwa hapa ni kimoja kisichosubiri meli. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ina soko kubwa la kutosha kumshawishi mtengenezaji aweke bohari ya vipuri huku kwetu, endapo nchi zetu zitanunua kwa sauti moja badala ya kila wilaya kununua kwa mapenzi ya karani wake.

Ndugu msomaji, hakuna msumeno ulio bora kwa jina lake. Bora ni ule unaowaka asubuhi ya mvua, barabara ikiwa imefungwa na lori la dawa likingoja upande wa pili. Kama unao msumeno nyumbani, uchukue leo, hesabu meno ya ndani ya mnyororo wake, soma namba zake, na uziandike katika kipande cha karatasi ukihifadhi mahali pakavu. Kazi hiyo haikugharimu shilingi hata moja, na ndiyo ambayo karani wetu hakuifanya.